Banda Lisilopiga Kelele

Mwanamke waliyemwita Refa hakuwahi kuupiga mpira hata teke moja maishani mwake. Alikuwa dobi. Jina lile alipewa siku aliposimama katikati ya wanaume wawili wazima waliokuwa wameshikana mashati kwa sababu ya penalti. Pasi ya moto mkononi, akawaambia kwamba mashati yote mawili ameyanyoosha yeye asubuhi ile, na atakayechana la mwenzake atanyooshwa yeye mwenyewe. Watu wakacheka, ugomvi ukafa, jina likabaki.

Banda lake la kuonyesha mpira lilizaliwa na upweke. Kunyoosha nguo za watu ni kazi ya kusimama peke yako kutwa nzima ukizungumza na kola, kwa hiyo alijinunulia televisheni ndogo ya mtumba, akaiweka juu ya kabati la nguo zilizokwisha kunyooshwa. Dirisha la chumba lilitazama njiani. Siku ya mechi mtu mmoja akasimama dirishani, wakaongezeka wawili, mwisho dirisha likajaa vichwa mpaka akakosa mwanga wa kazi. Akaona potelea mbali, bora waingie ndani. Baadaye akaubomoa ukuta uliotenga chumba na stoo, akanunua skrini kubwa, na kaka yake akaja na mbao.

Huyo kaka ndiye aliyekuwa ndugu yake pekee aliyebaki. Wazazi walikwisha kutangulia, mume alikwenda kutafuta maisha akayapata hukohuko. Kaka alikuwa seremala, mtaa mzima ukimwita Fundi. Mabenchi yote ya banda aliyapiga randa yeye: ya mbele mafupi, ya nyuma marefu, ili asiwepo mtu wa kumwambia mwenzake ainamishe kichwa. La mwisho kabisa, refu kuliko yote, alilisogeza karibu na mlango na kujimilikisha. Hakuwa akijikweza. Vumbi la mbao lilikuwa limemla kifua. Miaka ya msasa na msumeno bila hata kitambaa puani ilimwachia pumu iliyokuja na kuondoka ipendavyo. Daktari alimwambia mambo mawili: akae penye hewa, na pumzi ikimbana asione haya, apaze sauti asaidiwe mapema. La kwanza alilitii. La pili alisema ni la watoto.

Nalo ni jambo la kuchekesha, maana kwa kupaza sauti hakuna aliyemfikia. Refa wa kweli, yule wa uwanjani, alitukanwa na Fundi kutoka benchi la nyuma kana kwamba amekaa chumba cha pili na anasikia. Goli likiingia, watu wa mtaa wa pili walijua kwa sauti yake kabla redio zao hazijasema. Dada yake alisimama mbele, kando ya skrini, akiutazama umati. Mpira wenyewe hakuujali sana. Alichokipenda ni zile nyuso, jinsi zilivyofunguka zote kwa mara moja, na juu ya nyuso zote ule uso mmoja mpana wa kaka yake ukicheka mpaka meno ya mwisho.

Ndipo Ligi ilipoamka na wazo lake.

Nitalieleza kama lilivyo, msomaji aamue mwenyewe kama lina akili. Wenye Ligi wanauza macho. Familia ikitazama mechi nyumbani, king'amuzi chake kinahesabiwa, na wenye matangazo ya sabuni na vinywaji wanalipa kwa hesabu hiyo. Banda la Refa, hata lingejaa mpaka watu wakapakatana, lilihesabiwa kuwa king'amuzi kimoja, nyumba moja, basi. Kwa hiyo macho yale mengine yote, mbele ya Ligi, yalikuwa macho yaliyoibwa. Tangazo lilisomwa redioni na mtu mwenye sauti ya upole: kuanzia sasa mechi kubwa hazitaonyeshwa hadharani, zitazamwe majumbani, kila familia kwa raha yake. Atakayekaidi, sheria ipo. Mimi sauti ya upole huwa naiogopa kuliko ya ukali.

"Kila familia kwa raha yake," Fundi alirudia, akiupapasa upande wa benchi lake. "Na mimi familia yangu ndiyo hii hapa ya mbao."

Mwanzoni watu walifanya mzaha. Wakasema Ligi itapeleka askari kila kichochoro, itawatoa wapi? Lakini lisemwalo lipo. Ng'ambo ya reli kulikuwa na banda la mzee mmoja waliyemwita Jezi kwa kuwa hakuonekana na nguo nyingine. Mawakala wa Ligi waliingia kwake wamevaa kama mashabiki, wakakaa, wakapiga makofi. Goli lilipoingia banda zima likalipuka, na katikati ya kelele zile mlinzi wa mlangoni alikuwa akipiga mayowe ya kuwaonya watu wakimbie. Nani angemwelewa? Mlango ulifungwa nao wamo ndani, mikono juu, wakishangilia.

Waliofanikiwa kuchomoka hawakupona pia. Mawakala walimshika Jezi mkanda wa suruali wakampitisha mlango kwa mlango. Walimfundisha la kusema. Abishe hodi, aseme ni yeye, aseme ana mgonjwa. Watu ni watu, jirani akisema ana mgonjwa utamwachaje? Wakafungua, wakachukuliwa. Jezi alirudi baada ya muda, akawa anapita njiani macho chini, na mtu akimwamkia alijibu kwa kukohoa tu.

Habari ile ilimwingia Refa kama maji ya baridi mgongoni. Angeweza kufunga banda hapohapo, na wapo waliomshauri hivyo. Mbona pasi zake zilikuwepo, na nguo za watu haziishi uchafu? Lakini alipofikiria chumba kile kikiwa kitupu, yeye na kola na mikunjo, moyo ulikataa. Basi akawaita wateja wake wa siku zote, akasimama kando ya skrini, akatoa amri kama anayegawa kadi.

"Humu ndani kuanzia leo hakuna kushangilia. Goli likiingia, ziba mdomo. Ukishindwa, ng'ata leso. Sauti ya televisheni nitaizima. Sasa nisikilizeni vizuri: sauti ya mtu ikipanda humu ndani, yoyote, hata yangu, mjue wameingia. Mlango wa uani, kila mtu kwake, simu zima, funga komeo."

"Na wakikupitisha milangoni kama Jezi, mama?" aliuliza Dereva, kijana mwenye teksi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale.

"Basi msinifungulie."

"Hata ukilia?"

"Hasa nikilia."

Wakacheka. Muuguzi wa zahanati, mwanamke mwenye mwili wake aliyependa benchi la pili, alisema hapo Refa amepiga filimbi kweli. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama madirisha, ambako dada yake alikwisha kupigilia mablanketi, yale mazito ambayo wenyewe waliyaleta kufuliwa wakayasahau.

Nusu fainali ilitazamwa hivyo. Aliyeliona banda lile siku ile hatalisahau. Watu wamejazana gizani, wamevua viatu, nyuso zimegeuka buluu kwa mwanga wa skrini, na hakuna anayesema neno. Shuti likigonga mwamba, mwili mzima wa umati unaruka na kutua bila mlio. Goli likaingia, na watu wazima wakajikunja, viganja midomoni, mabega yakitikisika, machozi yakiwatoka. Mmoja alijifunika kichwa kwa shati. Wengine waliona inachekesha. Refa, aliyekuwa akiwatazama kwa mbele kama kawaida yake, aliona watu waliofiwa, akajisonya mwenyewe kwa kuwaza mikosi.

Tena walianza kutazamana kwa pembe za macho. Kikulacho ki nguoni mwako, walinong'onezana, na mtu akikohoa mara mbili aliulizwa anampa nani ishara. Fundi ndiye aliyekohoa kuliko wote. Alitoka banda lile akishika ukuta, kifua kikilia kama mlango usiotiwa mafuta, akavuta ile pampu yake ya dawa mara kadhaa kabla ya kuweza kusema.

"Kaka, fainali usije," Refa alimwambia. Walikuwa chumbani kwake, yeye akinyoosha, kaka amekaa juu ya tenga la nguo. "Mle ndani hakuna hewa. Nimeweka mablanketi, mlango umefungwa, watu ndio hao. Nenda kwa yule jirani wako mwenye king'amuzi."

"Nikakae kwenye kochi lake kama nimekwenda kuposa?"

"Kaa hata kama unaposa. Utapumua."

"Timu hii mara ya mwisho kuchukua kombe mimi nilikuwa na nywele, mdogo wangu. Mabenchi yale nimeyatengeneza kwa mikono hii. Halafu siku yenyewe ndiyo nisiwepo?" Akavuta pumzi kwa shida. "Nitakaa kimya. Naweza."

Refa alijua la kujibu. Alijua kwamba angeweza kusema hapana, akaisema kama anavyowaambia wateja, na kaka angenuna kisha angetii. Lakini na yeye alimtaka pale. Bila ule uso wa nyuma, umati ulikuwa umati tu. Akageuza shati upande wa pili, akasema atamwachia pembe ya blanketi wazi karibu na benchi lake, ipite hewa. Walikubaliana hivyo, na hapo ndipo mimi nikikumbuka napandwa na hasira, maana watu wawili wenye akili timamu walipatana juu ya pembe ya blanketi.

Fainali ilikuwa Jumamosi alasiri, jua kali, mbingu haina hata doa. Mtaa ulikuwa mtupu isivyo kawaida. Watu waliingia bandani mmojammoja kwa mlango wa uani, wengine wamebeba vifurushi vya nguo kama wanaozipeleka kufuliwa. Fundi aliingia mapema, amevaa shati lililonyooshwa na dada yake, akakaa kwenye benchi lake, uso ameuelekeza kwenye ile pembe iliyoachwa wazi. Mstari wa mwanga ulimwangukia shavuni.

Mpira ulikuwa haujaanza Kinyozi alipoingia kutoka kibandani kwake, jirani na hapo, akamnong'oneza Refa sikioni. Kuna gari pale kwenye kona, halijulikani, lina watu wawili ndani, hawashuki. Na kutoka njiani, alisema, skrini yenyewe inaonekana kupitia pembe ya blanketi.

Refa alikwenda nyuma. Alishika pembe ya blanketi, akamtazama kaka yake. Fundi aliitikia kwa kichwa, hata akatabasamu kidogo, kama mtu anayempa mwenzake kiti. Refa akaishusha pembe, akapigilia msumari kwa kisigino cha kiatu. Lile gari, ilikuja kujulikana baadaye, lilikuwa la mtu na mkewe waliopotea njia, wakigombana nani amekosea kona.

Joto lilianza kupanda kabla ya mapumziko. Jasho liliwatiririka watu, shingo zikang'aa, mtu akijipepea mwenzake alimshika mkono atulie. Kila baada ya muda Refa alimtafuta kaka yake kwa macho, na kila mara alimwona amekaa wima, viganja magotini, mdomo wazi kidogo. Alimwuliza kwa mkono: vipi? Fundi alijibu kwa mkono: poa. Kipindi cha pili alimwona akivuta pampu. Alimwuliza tena. Safari hii mkono wa Fundi ulichelewa, lakini uliinuka.

Goli lilikuja mwishoni, wakati watu wamekwisha kukata tamaa. Krosi ndefu, kichwa, wavuni. Banda zima likajikunja. Viganja vikaenda midomoni, vichwa vikashuka magotini, mabega yakaanza kutikisika, na Dereva akamng'ata Kinyozi bega bila kujua. Refa naye aliziba mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile alijisikia vizuri. Aliwatazama wote walivyoinama, akamtazama na kaka yake kule nyuma, ameinama kama wao, kiganja mdomoni, mabega yakienda juu na chini, akafikiri: furahi, kaka yangu, furahi.

Kisha vichwa vikaanza kuinuka. Benchi la kwanza, la pili, la kati. Watu walijifuta machozi, wakabanana mikono. Kichwa cha Fundi hakikuinuka. Mabega yalikuwa bado yanatikisika, lakini si kwa furaha, na Refa aliona sasa kwamba yalikuwa yakitikisika hivyo tangu kabla ya goli. Fundi aliteleza kutoka kwenye lile benchi refu, akaanguka kwa ubavu, na mwanga wa skrini ukaonyesha midomo yake imegeuka rangi.

Muuguzi alikuwa hatua chache kutoka pale Refa alipokuwa amesimama. Angemgusa tu begani. Lakini nani, akimwona ndugu yake anakata roho, hukumbuka kugusa bega?

"Kaka!" Refa alipiga ukelele.

Banda likatoka. Hakuna aliyegeuka kutazama, kwa sababu hivyo ndivyo alivyowafundisha. Mabenchi yaliporomoka, mlango wa uani ukapigwa teke, mtu akamvuta mwenzake kwa kola, na kabla Refa hajafika nyuma chumba kilikuwa chake na Fundi peke yao, na viatu vilivyosahaulika sakafuni. Muuguzi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoka.

Alimburuta kaka yake mpaka mlango wa njiani, akaufungua, akamwegemeza kwenye kizingiti penye hewa. Alimtia pampu mdomoni akabonyeza, akabonyeza tena, lakini Fundi hakuwa na pumzi ya kuivutia dawa ndani. Alimpigia Dereva. Simu imezimwa. Alimpigia Muuguzi. Imezimwa. Zahanati simu iliita mpaka ikakatika. Akamwambia kaka yake nakuja, nakuja sasa hivi, akakimbia.

Teksi ilikuwa imeegeshwa nje ya nyumba ya Dereva, kioo kinawaka jua. Refa alipiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Hodi. Ni mimi. Toa gari, kaka anakufa."

Ndani ikasikika sauti ya Dereva, imetulia, yenye adabu zote: "Hapa hakuna mtu anayetazama mpira, mama."

"Mwanangu, hakuna wakala. Niko peke yangu. Chungulia dirishani."

Pazia halikutikisika. Dereva alisogea karibu na mlango, akashusha sauti ili anayedhaniwa kumshika Refa asisikie. "Jikaze, mama. Hata wafanye nini, hatutakutaja."

Alikimbia kwa Muuguzi. Alibisha, akaita, akasema yuko peke yake, akaeleza jinsi midomo ilivyobadilika, jinsi pampu ilivyoshindwa, maneno ambayo muuguzi yeyote angeyajua. Nyuma ya mlango alimsikia mwenzake akivuta kamasi. Analia. "Mungu akutie nguvu, dada," Muuguzi alisema. "Wamekufundisha vizuri kuliko Jezi." Na kadiri Refa alivyopaza sauti, ndivyo makomeo yalivyosikika yakisukumwa mbele na nyuma yake, nyumba baada ya nyumba. Mtaa mzima ulikuwa unampenda, na mtaa mzima ulikuwa unamlinda.

Alifika mpaka barabara kuu. Hakukuwa na gari hata moja likipita. Watu walikuwa majumbani mwao kama walivyoagizwa.

Aliporudi, Fundi alikuwa bado anamtazama. Refa alikaa kizingitini, akakiweka kichwa chake mapajani, akamwambia tupumue pamoja, kaka, taratibu, kama hivi. Fundi alijaribu. Alijaribu kwa kumtii dada yake, kifua kizima kikinyanyuka kwa ajili ya hewa kidogo tu. Alimbana kidole kimoja. Kisha akaacha kumbana, na Refa aliendelea kupumua kwa ajili ya wawili kwa muda ambao hakuweza baadaye kuueleza.

Kwanza alisikia mtu mmoja akipiga kelele, mbali, ndani ya nyumba. Halafu mwingine. Redio zilikuwa zimetangaza: mpira umekwisha, kombe limekuja. Na sasa haikuwa kosa tena, hakuna sheria inayomkataza mtu kufurahia habari ya redio mbele ya nyumba yake. Makomeo yakarudishwa. Milango yote ya mtaa ule ikafunguka kwa pamoja, na watu wakamiminika juani wakiwa na sufuria na mifuniko, wakipiga yale mayowe waliyoyameza alasiri nzima. Dereva aliruka ndani ya teksi akaanza kupiga honi, akaiendesha kwa fujo kuelekea barabara kuu.

Muuguzi alitoka akicheza, leso kichwani, mikono juu. Alimwona Refa amekaa kizingitini akafurahi kwamba wamemwachia, akamjia mbio. Kisha akaona kilichokuwa mapajani mwake. Alipiga magoti, akaweka vidole shingoni mwa Fundi, akaviacha hapo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nyuma yake watu waliendelea kuimba.

"Dada," alisema mwishoni, bila kumtazama usoni. "Ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu," Refa alisema. "Nilikuambia."